Mtoto Aliyeisubiri Meli

Binti yetu alikaa zaidi ya mwezi bila jina, na lawama zote niliitwika bahari ambayo sijawahi kuiona.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia shaba hapa Lubumbashi, anavuka Zambia, anaishusha bandarini Dar es Salaam. Kurudi tupu ni hasara, kwa hiyo hungoja kontena la mizigo ya huku: matairi, friji, vipuri vya migodini. Safari hiyo nilijifungua akiwa njiani, na meli yenye kontena lake ilikuwa nje ya bandari, ikisubiri zamu ya kuingia gatini.

Kwao jina la mtoto halitumwi kwa simu. Baba humpakata mtoto, akamtamkia sikioni. Jina lenyewe kila mtu alilijua: la mama yake mume wangu, maana mtoto wa kwanza huhesabiwa wa upande wao. Mpaka afike, mtoto alikuwa Bébé tu. Hata kwenye kadi ya chanjo muuguzi aliandika Bébé.

"Rudia bule tu, bila kontena," nilimwambia. "Mutoto iko anakomea, anakuwa mukubwa bila jina!"

"Bateau ya kontena haiyaingia, chérie. Patron hatakubali."

Nikamkatia simu. Nina hasira za karibu, sifichi. Tangu siku hiyo nikakataa kuongea naye.

Aliyeshika simu ni mama yangu, aliyetoka Kasungami, pembezoni mwa mji, kuja kunilea. Aliacha mahindi yake yakisongwa na magugu, akawa analala sakafuni kando ya kitanda changu. Kila asubuhi, mikono ingali ikinukia sabuni ya mtoto, alimpa mkwe wake habari: "Amenyonya muzuri. Kitovu kimeanguka. Leo amecheka, lakini mu usingizi." Mimi nilijifanya sisikii, kumbe namkumbuka mume wangu.

Hatimaye meli ikaingia, kontena likashushwa, halafu foleni ya mpaka wa Kasumbalesa ikamla siku nyingine tatu. Alifika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinawa mikono mara mbili, akampakata mtoto. Mama akasogea kando na kutazama ukuta, kwa heshima ya mkwe.

Mume wangu akainama, akalitamka jina.

Mama akaitika. Aliitika kwa mazoea, kama mtu yeyote anayeitwa, kisha akageuka taratibu. Mkwe hatamki jina la mama mkwe wake. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Kwenu batasema nini?" nikamuuliza.

"Baache baseme. Siku zote zile, ni yeye alikuwa ananionyesha mutoto wangu."

Mama alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, na mimi nikakaa sakafuni pembeni yake.