Wanawake Sita, Makopo Manne

Muulize mtu yeyote wa Kindu, huku Kongo, aliyepita darasa la nne kwa Mwalimu Émilienne akueleze habari zake. Hatakusimulia fimbo wala ukaguzi wa kucha, atakusimulia swali lake moja. Ukikosa hesabu, hakukemei. Anavuta benchi, anakaa ubavuni mwako, anafungua daftari na kukuuliza ulifikaje hapo. Kisha anaandika unavyosema, neno kwa neno, hata kama unasema upuuzi mtupu. Wako waliokosa makusudi, ili tu mtu mzima akae karibu nao akiwasikiliza.

Walimu wenzake walimcheka miaka nenda miaka rudi. Mkuu mmoja wa shule alimuuliza mbele ya kadamnasi kama anakusanya makosa ili ayapike. Émilienne aliendelea kuandika. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na leo amekula chumvi nyingi, lakini bado anaingia darasani kabla ya watoto. Madaftari yake yamefika ishirini na moja, na ameyapanga ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

Nimeyaona kwa macho yangu. Yumo mtoto aliyeambiwa agawe samaki kumi na wawili kwa ndugu watatu, akatoa sita, wanne na wawili, kwa sababu kwao mkubwa hali sawa na kitinda mimba. Yumo Bénie, aliyeulizwa treni ikiondoka Kindu saa mbili asubuhi na kusafiri saa tano itafika saa ngapi, akajibu kwamba haifiki. Kwa jinsi ninavyoijua reli yetu, sioni alikosea wapi. Yumo mvulana wa kutoka machimboni Kama, ambaye desimali zilimshinda kabisa ubaoni, akazimaliza zote siku aliporuhusiwa kushika njiti za kibiriti, maana kwao wachimbaji wanahesabu njiti kumi kuwa gramu moja ya dhahabu. Halafu wanatoka mabwana huko na karatasi zao wanatuambia watoto wa mkoa wetu wa Maniema hawaelewi hesabu. Hasira hunipanda nikisikia hivyo, basi tuliache.

Daftari la kwanza ndilo lenye kisa, na kisa chenyewe si kizuri.

Mwaka 2002 Kindu ilikuwa imefungwa pande zote. Mjini kulikuwa na wenye bunduki, na msituni kulikuwa na wenye bunduki wengine. Treni haikuja, boti hazikuja, chumvi ilionjwa kwa ncha ya ulimi. Mpunga na mihogo vilikuwa mashambani, ng'ambo ya mto, na mwanamume aliyevuka alihesabiwa kuwa adui na huyu au na yule. Kwa hiyo walivuka wanawake, kwa vikundi, alfajiri. Nao pia hawakurudi wote.

Ukazuka mwiko mjini, au pengine ulikuwapo tangu zamani na vita vikauamsha: wanaotoka hawahesabiwi kwa mdomo. Wanawake walipanda mtumbwi bila mtu kusema ni wangapi. Wakirudi pungufu, watu walipokea mizigo, wakalia, lakini idadi haikutajwa. Émilienne aliujua mwiko huo kama kila mtu alivyoujua. Mama yake mzazi alimfinya sikio utotoni kwa kuhesabu wageni.

Shuleni alikuwa na watoto sitini na watatu. Chaki ilipokwisha aliandika kwa vipande vya muhogo mkavu, mpaka asubuhi moja akakuta watoto wamevila, naye akaanza kutumia mkaa ukutani. Mume wake alikuwa amekwenda Kampene kabla ya vita, na tangu hapo hakukuwa na habari yake. Alifundisha tumbo likinguruma. Njaa ile ilimfanya awe mkali, na ukali wake wote uliwaangukia wadogo. Haya anayasema mwenyewe, simsingizii.

Siku moja ya Alhamisi alitunga swali kutoka kichwani, kwa sababu vitabu vilikwishachomwa kupikia. Alitaka jambo ambalo watoto wanalijua, na hapo hakukosea kama mwalimu. Aliandika: wanawake sita wanakwenda shamba, kila mmoja analeta makopo manne ya mchele, makopo yote ni mangapi?

Aliyeinua mkono wa kwanza alikuwa Mounira, binti wa miaka kumi, mwenye kilemba cheupe kilichofuliwa mpaka kikaanza kuonyesha nywele. Alikuwa hodari wa kuzidisha kuliko darasa zima. Akasema kumi na sita.

Mwalimu akamwambia afikiri tena. Mounira akafikiri, midomo ikicheza, akasema tena kumi na sita. Hapo ndipo Émilienne alipopandwa na hasira, kwa kuwa alijua mtoto huyu anaijua sita mara nne hata usingizini. Aliona anachezewa. Akamchapa fimbo mbili mkononi na kumtaka aseme kwa nini anamfanyia dharau. Mounira aliangalia miguu yake. Hakusema neno.

"Kama kuzidisha kunakushinda," Mwalimu akamwambia, "enda shamba na mama yako."

Darasa likacheka. Lilicheka kwa sababu lilikuwa limeshinda siku nyingi bila kucheka, na Émilienne naye, Mungu amsamehe, alitabasamu.

Ijumaa Mounira hakuja. Jumatatu hakuja. Jumanne, wakati wa mapumziko, mama yake alisimama mlangoni mwa darasa. Mama Mounira alikuwa na tope lililokauka mpaka kiunoni, na hakulia. Alieleza polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Jumamosi mtoto alimng'ang'ania avuke naye. Yeye alikataa. Mtoto akazidi, akasema ametumwa na shule. Nyumbani hakukuwa na kitu jikoni, na mikono miwili zaidi ni mikono miwili, basi akakubali. Walikuwa katikati ya mihogo risasi ziliposikika. Kila mmoja alikimbilia kwake. Mama alilala kwenye matope mpaka kukatulia, kisha akatafuta siku mbili, akaokota kilemba.

"Alisema ni weye ulimutuma," akamwambia Émilienne. "Nikawaza, mwalimu anajua mambo."

Mama Mounira hakuwa amemaliza. Akamweleza kwamba wiki mbili kabla ya hapo walivuka wanawake wa avenyu yao, majirani wa mtaa mmoja, na mtoto alikuwa akiwangoja mtoni kila mara. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya mjini mwaka ule. Alitaja idadi.

"Tulitoka sita, tulirudi ine. Mounira alituhesabu na macho. Hakusemaka, sababu nilimukataza kuhesabu watu na kinywa."

Wanawake wanne, makopo manne manne, kumi na sita. Mtoto alikuwa amezidisha sawasawa. Hakuweza kujieleza kwa sababu alilelewa vizuri, na mwalimu wake alimchapa kwa malezi hayo. Émilienne alikaa chini kwenye sakafu mbele ya watoto waliokuwa wakirudi kutoka mapumziko, na hawakujua kama wacheke au wakimbie.

Mounira hakupatikana, akiwa hai wala akiwa maiti. Siku ileile Émilienne aliivunja fimbo yake, akachukua daftari jipya na kulipiga mistari: jina, swali, jibu, na safu ya nne, maneno ya mtoto. Mstari wa kwanza akaandika Mounira, akaandika swali, akaandika kumi na sita. Safu ya nne aliiacha tupu. Maelezo aliyokuwa nayo yalikuwa ya mama, na yeye alijiwekea sheria kwamba safu ile haiingizwi neno ambalo mtoto hakulitamka. Sheria hiyo hajaivunja hata mara moja.

Mwaka jana alikuja Florentin, kijana wa Obokote anayeandika tasnifu kuhusu jinsi watoto wa huku wanavyoelewa hesabu shuleni. Alikuwa amewapa watoto mtihani mkubwa uliotungwa mbali, na karibu wote wakapata sifuri. Sifa yake ni kwamba hakuamini sifuri zile. Aliposikia habari za madaftari, alikuja kuyaomba kwa heshima, na Émilienne akakubali kwa sharti moja, kwamba maneno ya watoto yasiguswe.

Alikaa barazani kwake siku tisa akinakili kwenye tableti. Kila mtoto alipata mstari wake: jina, swali, jibu, maelezo, na mwishoni alama. Moja ikiwa mtoto alifikiri sawasawa, hata kama jibu halilingani na kitabu. Sifuri ikiwa ni kosa. Yule wa samaki alipata moja, na Bénie pia akapata moja. Émilienne aliangalia moja zile zikijipanga, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na zaidi aliona moyo wake ukipata nafasi ya kupumua.

Daftari la kwanza alilitoa siku ya mwisho, akamweleza kisa chote bila kujipunguzia. Florentin akaweka kidole kwenye safu ile tupu. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema wajaze safu ya nne: mtoto alifikiri kwamba wawili hawatarudi. Mounira angepata moja yake, na watu wengi wangelisoma jina lake.

Émilienne akakataa. Mounira hakuyasema hayo.

Florentin akamweleza kwamba mashine itakayosoma orodha ile haina huruma. Pasipo maelezo, jibu lile linahesabiwa kosa. Ama wamwekee mtoto maneno mdomoni, ama apate sifuri, ama mstari wake ufutwe.

Mwalimu alilishika daftari magotini. Kumwekea maneno ni kumnyamazisha tena. Kumpa sifuri ni kumchapa mara ya pili, na kumfuta ni kumwacha kule kwenye mihogo. Florentin anasema alikaa hivyo mpaka mboga ya sombe ikaungua jikoni, na hakuinuka.

"Swali iache vile," akasema mwishowe. "Jina, ya Mounira ibaki mu daftari, huku tia yangu. Jibu, andika makumi mbili na ine."

"Mama Mwalimu, hiyo jibu iko muzuri."

"Andika sifuri."

Florentin akaandika. Kidole kilipofika kwenye safu ya maelezo kikasimama, kwa kuwa sheria ni sheria, na ilikuwa ya mama huyu mwenyewe. Akamuuliza alifikaje hapo.

"Nilifanya sita mara ine," Émilienne akasema. "Sikuwaza kama ni watu."