Dirisha Lisilokuwa Kwenye Ramani

Kwenye kundi lao la mchezo walimwita Mchoraji, na wewe ukimwona dukani utacheka, maana mwanamke yule hajawahi kuchora hata kikombe kikaonekana kikombe. Kazi yake ni fotokopi. Anakaa nyuma ya mashine inayonguruma, anapokea vitambulisho vya watu na mitihani ya shule, anatoa nakala, anabana pini. Lakini ramani! Mpe simu na upenyo mdogo kati ya mteja na mteja, atakujengea nyumba nzima kwa vidole gumba viwili. Ile alama ya vijiti vinne vilivyopishana ndiyo ukuta. Nukta ndiyo sakafu. Alama ya kujumlisha ndiyo mlango. Madirisha haweki, vitanda haweki; anayetaka mapambo akatafute msanii.

Mchezo wenyewe ni wa maandishi matupu. Watu wasiojuana, kila mmoja na jina lake la kubuni, wanaandikiana kwenye simu: huyu amejifanya jambazi, yule mganga, mmoja anaandika amevuka mto, mwingine anaandika amemvuta mguu. Anayeongoza anaitwa Msimulizi, naye ndiye husema kilichotokea. Sheria yake kubwa ni moja: kisichokuwemo kwenye ramani hakipo duniani.

Mchana mmoja Msimulizi akaja juu. "Mchoraji! Hawa watu wametoka msituni bila kunitaarifu. Nataka nyumba ya mfanya magendo, sasa hivi!"

Sasa hivi, na mbele yake kasimama mwalimu mwenye bunda la mitihani na uso uliokunjamana. Mchoraji hakuwa na muda wa kubuni. Akaandika nyumba ambayo vidole vyake vinaijua hata akifumba macho, yaani kwao. Mlango wa mbele, sebule, vyumba viwili vya kulala, ukumbi mwembamba, jiko nyuma. Akatuma, akarudi kwenye mitihani.

Simu ikaanza kutetemeka juu ya mashine. Mhunzi aliandika anavunja mlango wa mbele. Mganga aliandika anamfuata Mhunzi. Kisha akaandika mgeni mmoja aliyejiunga juzijuzi, mtu wa maneno machache, anayejiita Kivuli:

"Mimi mlango huo sikanyagi. Nazunguka nyuma. Naingia kwa dirisha la jiko, lile la komeo bovu. Natua upande wa kushoto, nisije nikaangukia beseni."

Mchoraji akasoma. Akasoma tena. Dirisha hakuliweka. Komeo hakulitaja. Na lile beseni la marehemu mama yao, lililokaa chini ya dirisha miaka yote likisubiri vyombo, nani mwingine duniani analijua?

Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Nasema alikuwa naye, kwa sababu tangu agombane na baba yao hakuna aliyejua analala wapi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa bure kabisa. Kijana alikataa kushika kazi ya uashi, mzee akapandwa na hasira, wakajibizana mpaka mzee akanyoosha kidole: "Ukitoka leo, usikanyage mlango huu tena!" Kijana akatoka. Na jamani, kwa kiburi mtoto yule ni mtoto wa baba yake haswa. Shangazi alipoipata namba yake akampigia akimlilia arudi, kijana akakata simu, na namba ile haikupatikana tena.

Kwa hiyo Mchoraji alijua kwamba akimshtua tu, amempoteza, na safari hii moja kwa moja.

"Dada, mashine imekwama," alisema mwalimu.

"Naiona, mwalimu." Wala hakuiona. Macho yalikuwa kwenye simu, na kule Msimulizi alikuwa amechachamaa.

"Kivuli, dirisha hilo umelitoa wapi? Halimo kwenye ramani. Huo ni udanganyifu. Ingia mlangoni kama wenzako, au toka kwenye kundi."

"Basi natoka," aliandika Kivuli.

"Dada!"

"Nakuja, mwalimu, nakuja!" Akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena: "Ngoja! Kosa ni langu. Dirisha la jiko lipo, nilisahau kuliweka." Akatuma ramani nyingine, na safari hii ukuta wa nyuma aliuachia tundu.

Juu ya kioo cha simu pakatokea maneno kwamba Kivuli anaandika. Yakafutika. Yakatokea tena. Mchoraji akaishika simu kwa mikono miwili, utadhani yeye ndiye anayening'inia dirishani.

"Na beseni?"

Alitaka kuliandika jina la mdogo wake palepale, mbele ya wote. Akajizuia. "Beseni lilipasuka," aliandika. "Siku hizi pana ndoo ya bati."

Kivuli akauliza tena: "Mwenye nyumba yumo?"

Kabla Mchoraji hajagusa herufi, Msimulizi, mbumbumbu yule, akarukia: "Yumo! Ana upanga mkononi, na ameapa kumkatakata atakayeingia!" Loo! Angekuwa karibu angepigwa stepla ya kichwa.

"Nilijua," aliandika Kivuli. "Basi nabaki hapahapa dirishani."

Msimulizi akaufunga mchezo mpaka kesho yake jioni.

Nyumbani alimkuta baba yake barazani, ananoa tindo isiyo na kazi. Mzee alikuwa fundi mwashi. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, na tangu mgongo uanze kumsumbua amebaki kunoa vifaa na kuzikosoa nyumba za wenzake. Binti akamshikisha simu.

"Baba, hebu tazama hii."

Mzee akavaa miwani. "Nini hiki, mchwa?"

"Ni ramani, baba. Hizi ndizo kuta."

"Jiko umelifanya dogo." Akaisogeza simu karibu na pua. "Si nyumba yangu hii?"

"Ndiyo yenyewe. Sasa soma hapa chini, alichoandika huyu."

Mzee alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye beseni, midomo ikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaanza upya.

"Yuko wapi?"

"Sijui, baba. Najua yumo humo tu."

"Mwambie..." Akakohoa. "Mwambie mimi neno langu silirudishi."

"Baba!" Hajawahi kumpandishia baba yake sauti, lakini siku hiyo alimpandishia. "Mtoto yuko dirishani, wewe unanizungumzia neno?"

"Hebu nikumbushe, siku ile nilisemaje? Nilisema nyumba, au nilisema mlango?"

"Ulisema asikanyage mlango huu."

"Huu," alisema mzee. Akaugeukia mlango wa mbele, akautazama kwa muda. Kisha akaingia kulala bila kula, na binti akajua yameishia hapo.

Asubuhi aliamshwa na nyundo. Alipotoka mbio alimkuta mzee ameshatoboa ukuta wa ubavuni wa sebule, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Baba, mgongo!"

"Niletee maji ya kuchanganyia saruji. Na jirani akiuliza, mwambie nimechoshwa na upepo wa upande ule."

Siku hiyo dukani hakwenda. Alibeba maji, alibeba tofali, alishika mbao zilipotakiwa kushikwa. Alasiri ilipofika, mlango wa mbele ulikuwa umezibwa juu mpaka chini, na ubao wake umefungwa kwa bawaba zilezile kwenye tundu jipya.

Jioni, kabla Msimulizi hajasema neno, Mchoraji akatuma ramani. Pale mbele palipokuwa na ##+## sasa palikuwa na #####. Alama ya kujumlisha ilikuwa imehamia ubavuni.

"Nyumba gani hii inayohamahama mlango?" Msimulizi aling'aka. "Sijaruhusu!"

"Mwenye nyumba hana upanga," aliandika Mchoraji. "Ana mwiko wa saruji. Mlango ule ameuziba leo kwa mkono wake, na mgongo wake ni uleule mbovu. Saruji bado mbichi. Anasema mlango alioukataza haupo tena."

Kivuli anaandika. Yakafutika. Kivuli anaandika. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anampumulia binti yake shingoni. Kisha ukatokea mstari mmoja mfupi: Kivuli ametoka kwenye kundi.

"Amesemaje?" aliuliza mzee.

Binti alilaza simu mezani, akalia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Mzee akamwekea begani mkono wenye saruji. Kisha akatoka kwenda kulainisha kingo za mlango wake, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Siku zikapita. Mashine ikakwama na kukwamuka. Msimulizi aliomba ramani ya pango, akapewa pango lake bila salamu. Kila jioni mzee aliketi akiuelekea mlango mpya, wala hakutaka ufungwe, hata binti alipomkumbusha habari ya wezi.

Jumapili mchana, wakiwa sebuleni wanakula, ndoo ya bati ikalia jikoni. Ikabingirika, ikagonga ukuta, ikatulia. Kisha ikasikika sauti ya mwanamume anayejipangusa maji.

"Dada, mbona hukusema ndoo iko kushoto?"

Binti akarudisha tonge sahanini. Mzee hakugeuka. Alikuwa bado ameukodolea macho mlango wake ulio wazi, na machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Ona sasa," alisema. "Nimeuvunja mgongo wangu kumtengenezea mlango, na bado mpumbavu huyu anapita dirishani."