Ng'ombe wa Nalotuesha

Katika vijitabu vyake vya tafakari za asubuhi, Mwalimu Wilkister Ajwang hakuwahi kumtaja mtu kwa jina. Mlevi wa Kitengela alimhamishia Kisumu, na msengenyaji wa kwaya akamfanya fundi wa viatu. Kina mama wa kanisa la Baptisti walimsifu kwamba anajua kutunza siri, naye, tuseme ukweli, sifa hiyo ilimkaa vizuri.

Alikuja Mashuuru, Umaasaini, kutoka Siaya akiwa bado msichana, akafundisha huko mpaka kustaafu. Jioni aliwafundisha kusoma kina mama ambao hawakupata shule. Wawili kati yao walishikamana naye sana: Namunyak na Nalotuesha, wake wa ndugu wawili, wanaokaa boma moja. Hata baada ya Mwalimu kujenga nyumba Kitengela na kuhamia huko, kila alipowatembelea walimfungulia mioyo.

Ndivyo Namunyak alivyomwambia siku moja, wakiwa wawili tu, wamepiga magoti. Wakati wa ukame alimwomba Mungu kwamba, kama lazima ng'ombe afe katika boma lao, basi awe wa Nalotuesha. Na ikawa hivyo. Tangu hapo alishindwa kumtazama mwenzake machoni.

Mwalimu alilia naye. Kisha akarudi Kitengela na kuandika tafakari nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Namunyak akawa Kalunde, boma likahamia Illasit. Ila ng'ombe alimwacha kama alivyokuwa: mweusi, mkanda mweupe tumboni, pembe ya kushoto imeinamia jicho, maana alipendeza mno kwenye ukurasa. Miaka yote ile kati ya wafugaji, na bado alidhani ng'ombe ni ng'ombe tu!

Kijitabu kilipofika Mashuuru, aliyepewa kusoma mbele ya kina mama alikuwa Nalotuesha, mwenye sauti safi. Alisoma vizuri mpaka kwenye pembe. Akarudia mstari ule polepole, kidole kikifuata maneno, kama Mwalimu alivyomfundisha. Akaisoma sala ya Kalunde yote mpaka mwisho, akakifunga kijitabu, akamgeukia Namunyak. Kanisa zima lilimjua ng'ombe yule, na katika boma lile Nalotuesha alikuwa na jirani mmoja tu.

Habari zilipomfikia, Mwalimu aliona aibu sana. Alijitetea moyoni kwamba hakutaja jina, lakini utetezi huo haukumfikisha popote. Akaenda Mashuuru. Alikuta uzio mpya wa miiba umekata boma katikati, na Namunyak ameketi peke yake upande wake.

“Takwenya,” alisalimu Mwalimu.

“Iko,” aliitikia Namunyak, akamsogezea kigoda.

“Namunyak, nimekukosea. Nimekuanika mbele za watu.”

“Umenikosea kweli, Mwalimu. Nalotuesha hata hanisalimii. Lakini mimi nimekusamehe.”

“Basi tuombe pamoja.”

“Tuombe. Lakini mimi sitatoa sauti. Ile maneno niko nayo, nitaambia Mungu peke yangu.”

Wakafumba macho. Mwalimu alisikiliza, asisikie kitu ila mbuzi. Hapo akajua amepoteza nini, na roho ikamuuma vibaya.

Njia nzima ya kurudi Kitengela alijilaumu. Karibu na Isinya akashtuka kwamba midomo yake inacheza. Alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia tafakari mpya, kwenye uzio ule wa miiba au kwenye sala isiyosikika, na sentensi ya kwanza ilikuwa tayari imeshapatikana. Ilikuwa nzuri sana.