Aliyempa Simba Kisogo

Katika hifadhi ya simba waliookolewa, mlishaji mmoja aliitwa na wenzake Kisogo. Simba wake, aliyetoka sarakasi, alikuwa akipigwa huko kila alipogusa chakula, hivyo hakula mbele ya mtu. Kila asubuhi Kisogo alirusha nyama ndani ya uzio, akageuka, akasikiliza mifupa ikivunjika.

"Simba mzima, una haya kama bi harusi!"

Mkewe alishaondoka, wanawe hawapigi simu. Soga alipiga na simba tu.

Leo simba alikuwa amelala kivulini, nzi wakitambaa machoni pake bila kufukuzwa. Kisogo akarusha nyama, akageuka, akasimulia paa lake linavyovuja. Nyuma kimya. Akasimulia tena, taratibu. Kimya.

"Kula, bwana. Sikutazami."

Jua likazama, naye bado hajageuka.