Spika za Nyuma

Mwezi wa Aprili Narcisa Quimí alikuwa amechoka mpaka nywele. Shule zilikaribia kufunguliwa, na mtaa mzima wa Guasmo ulikuwa umekumbuka kwa siku moja kwamba watoto hawana sare. Alishona sketi za kijivu tangu kunapopambazuka, akala wima, akashona tena, na kati ya sketi moja na nyingine aliinuka kwenda chumbani kumuuliza mumewe kama anataka maji. Mumewe hakutaka maji. Fulton Anchundia hakuwa ametaka kitu chochote tangu mwaka jana.

Alikuwa dereva wa basi la kwenda mji wa Machala kwa miaka ishirini na saba, mtu mnene, mwenye kelele, aliyejua kila shimo la barabara ile na kila mwanamke anayeuza samaki wa kukaanga kando yake. Kisukari kilimchukua jicho la kushoto kwanza, halafu, bila hata kumpa nafasi ya kuzoea, kikachukua la kulia. Tangu hapo aligeukia ukuta. Alikula alicholetewa, aliitika alipoitwa, basi. Daktari wa zahanati, msichana asiyejua kuzungusha maneno, alimsimamisha Narcisa mlangoni.

"Mama, huyu baba asipotembea, miguu itafuata macho. Mtoe kitandani."

Alisema kama anayeagiza nguo zianuliwe kwenye kamba. Narcisa angefurahi kumuona akijaribu yeye. Fulton alikuwa na kilo mia na ushee, na ukaidi wake haukupungua hata gramu moja alipopoteza macho. Narcisa alimwita barazani kunywa kahawa, hakuja. Aliwaita madereva wenzake wa zamani waje kucheza dhumna. Walikuja Jumapili mbili, wakaongea kwa sauti ya juu kana kwamba mwenzao amekuwa kiziwi, kisha wakapata udhuru. Alimnunulia redio ya kuweka kando ya mto. Aliizima mwenyewe.

Mchana mmoja, Narcisa akipiga pasi kola, televisheni ya jirani ilikuwa inanguruma kama kawaida yake. Kutoka chumbani Fulton akasema, "Hapo sasa gari linalipuka." Na kweli, likalipuka. Narcisa akaweka pasi chini. Ilikuwa sentensi ya kwanza ndefu kuliko "sitaki" kwa karibu mwezi mzima.

"Ulijuaje?"

"Nimeisikia mara mia hiyo. Yule anayekohoa ndiye mwizi."

Basi la Machala lilikuwa na televisheni ya abiria, imetundikwa nyuma ya kiti cha dereva. Fulton alikuwa amesikia sinema zaidi ya mtu yeyote Guasmo na hakuwa ameona hata moja, maana dereva anayegeuka kuangalia sinema hafiki Machala. Alijua nani atakufa na nani ataolewa, alijua wabaya kwa kicheko chao, na nyuso zao hakuzijua kabisa. Narcisa aliifikiria habari hiyo siku mbili huku mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Sinema zote za maisha ya mtu huyu zilitokea nyuma ya kisogo chake. Anachohitaji, akaamua, ni spika za nyuma.

Sebuleni walikuwa na seti ya sinema, ya miaka ile ambayo safari za sikukuu zililipa vizuri: deki, sabufa, na spika tano ndogo za plastiki. Za mbele zilikuwa bado zinaongea, kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayeongea na simu bafuni. Mbili za nyuma zilikufa zamani. Unyevu na mende walizigawana. Seti mpya hakuthubutu hata kuiulizia. Alikwenda Bahía, sokoni, kwa don Eloy Pilligua, fundi mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio za watu.

Don Eloy aliwaita wateja wote jirani, hata wa kutoka milimani.

"Seti mpya usinunue, jirani. Siku hizi ni plastiki na taa tu, na plastiki unayo tayari. Chukua hizi." Akamsogezea spika mbili za mbao, kila moja kubwa kama debe.

"Mbona zimechanika?"

"Zisingechanika nisingekuuzia wewe, ningemuuzia daktari. Angalia hapa. Kilichooza ni huu mpira unaozunguka karatasi, basi. Mbao nzima, sumaku nzima. Mpira mpya nakupa, gundi nakupa. Mkono unao?"

"Nashona kola mia kwa wiki."

"Basi umenizidi mimi."

"Na mashine yangu itaziweza?"

"Itaziweza ukiwa na adabu. Usifungulie sauti mpaka mwisho ukadhani uko harusini."

Narcisa alizibeba mwenyewe hadi nyumbani. Kila asubuhi ya wiki ile, kabla ya kugusa sare ya mtu, alikaa mlangoni penye mwanga akikwangua mpira wa zamani, ambao ulikuwa umegeuka lami na kuganda chini ya kucha. Karatasi ya spika ni laini. Ukiikwangua kwa hasira unaitoboa, na yeye hasira alikuwa nazo nyingi za kuzuia. Akapaka gundi, akalaza mpira mpya, akausawazisha kwa vidole, maana don Eloy alimwambia ukipinda hata unywele mmoja sauti itakuwa ya kukwaruza. Akaubana pembeni kwa vibanio vya nguo, akangoja siku nzima. Mama mmoja wa watoto watatu alikuja kudai sketi zake, akaambiwa mshonaji ana homa. Aliangalia vile vibanio, akaangalia uso wa Narcisa, akaondoka.

Jumamosi spika zilikuwa juu ya stuli mbili nyuma ya kiti kikubwa cha Fulton, waya zimefuata ukuta vizuri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Narcisa akaenda kusimama mlangoni mwa chumba.

"Nimekutengenezea kitu sebuleni. Inuka mara moja tu. Ukiona ni upuuzi, sikusumbui tena mpaka Krismasi."

Fulton aliinuka, nadhani kwa ajili ya hiyo amani ya mpaka Krismasi. Alikuja ameshika ukuta, akipumua kwa nguvu, akajitupa kwenye kiti. Narcisa alikuwa amechagua sinema ya magari, yenye sauti ya Kihispania kama zile za kwenye basi. Akabonyeza. Mbele, watu wakaanza kubishana kwa sauti zao nyembamba. Nyuma, kimya.

Alipiga magoti, akakagua waya. Akazichomoa, akazichomeka. Gari likapiga breki, likagonga kitu, vioo vikamwagika, yote mbele. Fulton alikaa ameielekezea uso televisheni asiyoiona.

"Iko mbele," alisema.

"Subiri kidogo."

"Narcisa, iko mbele. Wananipigia kelele usoni."

Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja foleni ya ofisi anayojua itafungwa kabla hajafika dirishani. Halafu akainuka, akajigonga kwenye stuli moja, akarudi chumbani. Kitanda kikalia. Narcisa alibaki sakafuni katikati ya waya, naye akalia, bila aibu, kwa hasira. Alimkasirikia Fulton, akamkasirikia don Eloy, akamkasirikia yule daktari na kamba yake ya nguo. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe kwa kuwa alitumaini. Kutumaini kulikuwa kumemchosha kuliko sketi zote.

Jumatatu akazirudisha spika Bahía. Don Eloy hakubishana. Alizichomeka kwenye mashine yake, na zikaimba mpaka muuza sufuria wa kibanda cha pili akachungulia.

"Kazi safi kabisa hii, jirani. Ulipiga nini?"

"Sinema ya magari."

"Kwa Kiingereza au kwa maneno yetu?"

"Kwa maneno yetu. Nyumbani kwangu nani anajua Kiingereza?"

Don Eloy akazima mashine. Akajikuna shingo. "Hilo nilipaswa kukwambia, nisamehe. Diski kama hizi wakitia sauti yetu, mara nyingi wanaitia kwenye spika mbili za mbele, basi. Nyuma hawaweki kitu. Ukitaka za nyuma zisikike, unaiacha kwa Kiingereza, unasoma maandishi chini."

"Mume wangu haoni, don Eloy."

Fundi yule akazichomoa zile waya. Alisema atamrudishia hela, isipokuwa ya mpira na gundi. Narcisa hakuwa na nguvu hata ya kukubali. Alizipakata zile mbao mbili kama watoto waliolala, akarudi nazo nyumbani, kwa nini hajui.

Alizitua katikati ya sebule, akakaa juu ya stuli. Cherehani ilikuwa inamngoja. Hakuitazama.

"Wamekataa kukurudishia?" Ilikuwa sauti ya Fulton, kutoka chumbani.

"Sikudai. Zinafanya kazi." Na hapo Narcisa akashindwa kujizuia, akafoka. "Zinafanya kazi vizuri tu! Wenye sinema ndio hawakuweka kitu nyuma. Kihispania kinatokea mbele, nyuma ni kwa wanaojua Kiingereza. Nimekwangua lami wiki nzima kwa vidole hivi, nimedanganya wateja nina homa, ili usikie sinema kisogoni kama kwenye basi lako, na kisogoni hakuna kitu."

Kisha kitanda kikalia, nyayo zikaburuzika, na Fulton akatokea mlangoni bila kuitwa, mkono mmoja kwenye fremu.

"Narcisa. Mimi sioni."

"Najua huoni."

"Sasa mbona umenikalisha nielekee televisheni?"

Narcisa akakiangalia kiti. Kiti kile kilikuwa kimeielekea televisheni miaka kumi na tano. Haikuwa imempitia akilini hata siku moja kwamba kina magurudumu.

"Nigeuze," Fulton akasema.

Alitaka kucheka, akataka kumpiga na kitambaa cha pasi, akakosa nguvu ya vyote viwili. Wakakigeuza pamoja, yeye akivuta, Fulton akisukuma kwa nyonga, mpaka kikalielekea dirisha la barabarani na kuipa televisheni mgongo.

"Na hizo za mbao zipeleke mahali pa zile za plastiki za mbele. Waya si ni zile zile?"

"Ni zile zile."

"Lete, nikushikie."

Akasimama kando ya televisheni, ameshika ncha mbili za waya juu juu, nyekundu mkono huu, nyeusi mkono huu, kama mtu aliyepewa kazi serikalini, huku Narcisa akizisokota mahali pake. Alisimama muda wote huo bila kuomba kukaa. Narcisa aliliona hilo na hakulisema, asije akaliharibu.

Ile sinema ya magari ikaanza upya. Sauti sasa zilikuwa nzito, za watu wazima, na zilimfikia Fulton kisogoni. Gari la kwanza lilipopiga breki, mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu.

Narcisa akasogeza stuli karibu naye, akachukua sketi moja ya yule mama wa watoto watatu, akaanza kukunja pindo. Wakakaa hivyo, wawili wameipa sinema mgongo, wakitazama barabara. Haikupita robo saa yule mama mwenyewe akasimama dirishani.

"Doña Narcisa, homa imepona? Na mbona televisheni iko nyuma yenu?"

"Tunajua iko wapi," Fulton akasema. "Wewe ondoka mbele ya gari."

Mama yule akacheka, akaondoka bila kudai sketi. Narcisa akamtazama mumewe kwa pembeni. Alikuwa amekaa wima, kidevu juu, anasikiliza. Nyuma yao mtu alikohoa, na Fulton akanong'ona, "Huyo ndiye." Narcisa alitaka kuuliza huyo ndiye nani, lakini sindano ilikuwa imekuwa nzito, na kelele za magari zilimbembeleza kama zinavyowabembeleza abiria wote wa njia ile wakishapita daraja la kutokea mjini. Kichwa chake kikaegemea mkono wa kiti.

Alipofumbua macho sinema ilikuwa imekwisha. Sketi ilikuwa imeanguka miguuni, pindo limefika nusu. Fulton alikuwa amesimama mbele yake kwa miguu yake mwenyewe, amemnyooshea mkono.

"Tumefika, mama," alisema. "Shuka taratibu."