Mlango wa Nekesa

Nakumbuka Jumamosi moja, mdogo wangu, niliyovunja mlango wa watu na kujiita mkombozi.

Nilikuwa nimehitimu mahusiano ya kimataifa, nakaa bila kazi kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga, mtaa wa Umoja. Tasnifu yangu ilihusu mataifa yanayopeleka majeshi nchi za wengine kuokoa raia. Wanauhalisia husema dola haiendi pasipo maslahi yake. Waliberali husema anayeteswa ana haki ya kuokolewa. Mimi nilikuwa mliberali, tena wa kelele.

Nekesa na mumewe Wafula walihamia mlango wa pili. Nekesa nilimpenda tangu sekondari na sikumwambia. Nilikuwa bado napanga maneno. Nikisikia vicheko vyao ukutani, chakula kilinishinda. Mchana wa Jumamosi ile nikasikia wakizozana, sufuria ikaanguka. Sikubisha hodi. Niliita vijana wawili tukausukuma mlango kwa mabega hadi ukang'oka.

Nekesa alikuwa amesimama mkono kiunoni, Wafula kajibanza kwenye kona.

"Nani amekuita?" akaniuliza. "Huyu namweza mwenyewe."

Ploti nzima ilichungulia. Wiki hiyo hiyo, kwa aibu, walihamia mtaa wa Komarock, na Nekesa hajanisemesha tena.

Jirani yetu Mzee Oduor, mstaafu wa reli, aliniita kwake.

"Keti, mtu wa mataifa. Mama Brayo wa nyumba ya mwisho hupigwa na mumewe kila wiki. Umewahi kuvunja mlango wake?"

"Mzee, nilidhani hayo ni mambo yao ya ndani."

"Na ya Nekesa yalikuwa ya nje?"

Niliwaza siku tatu, unavyonijua. Kila nadharia niliyojitetea nayo ilinirudisha kwenye wivu wangu. Siku ya nne nilikwenda na mke wa Mzee kumuuliza Mama Brayo anataka nini. Alitaka kufika na watoto kwa dada yake anayekaa mtaa wa Njiru, na watu wasimame mlangoni akifunga mizigo. Tulisimama mpaka akaondoka.

Sikuambii unyamaze mtu akiumizwa. Nenda. Lakini jiulize kwanza: ungekwenda kama humtamani aliye ndani, wala humwonei wivu mwenziwe? Kisha muulize anayeumia, umsikilize. Mataifa hayajiulizi hivyo mara nyingi, wewe jiulize.

Mungu akupe sikio lisilochagua kilio, na miguu isiyochelewa.