Kituta cha Grini ya Saba

Yule mzungu mpanga viwanja alikuwa anaishiwa macho, ndiyo maana akanihitaji mimi. Sijui kama waliomwajiri walijua. Alikuja Kisii baada ya vita, akapewa kazi ya kupanga uwanja wa gofu ubavuni mwa mji, na wiki ya kwanza tu akauliza sokoni ni nani anayechonga vizuri mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kwetu. Wakamwelekeza kwangu. Mimi mzaliwa wa Tabaka, nilianza kuchonga kabla sijaota ndevu, na siku hizo nilikaa karibu na mji niwauzie wafanyabiashara vibakuli na vinara vya mishumaa.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Tunakwenda kwenye grini, yaani pale penye shimo, ambapo mpira husukumwa polepole kwenye nyasi fupi. Mimi napima kwa hatua na kamba, halafu nachonga umbo la ardhi ile kwenye jiwe lenye ukubwa wa sahani. Yeye hufumba macho yake yasiyomfaa, analisoma jiwe kwa vidole gumba. "Fundi, hapa nyanyua. Hapa punguza." Nilipomuuliza kwa nini anawatesa wachezaji kwa miinuko na miteremko, alicheka. Alisema grini nzuri humwachia mchezaji njia mbili, ya mwoga iliyo pana na ndefu, na ya jasiri iliyo fupi na nyembamba. Alisema pia kwamba jicho ni jinga, likiona mlima kwa nyuma litaapa ardhi inapanda, kumbe inashuka. Mambo ya watu walioshiba hayo, lakini nilimpenda yule mzee.

Kulikuwa na jambo moja nililomficha. Grini ya saba ilipangwa palipokuwa boma langu. Tulipohamishwa, karani alikuja kuuliza kama pana makaburi, maana yaliyoonekana yalifukuliwa na mifupa ikapelekwa ng'ambo ya mto. Nikasema hakuna. Kumbe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alilala binti yetu, mtoto wetu pekee, aliyekaa nasi miezi minne tu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sikutaka mtu amguse tena. Mke wangu naye, tangu siku ya kumzika, aliacha kuniita baba kwa jina la mtoto. Aliniita "wewe" tu.

Zamu ya grini ya saba ilipofika, nilichonga kila mteremko kwa haki, ila kile kituta kidogo cha kaburi lake nikakilaza kabisa kwenye jiwe. Nikapiga msasa, nikaliloweka jiwe kwenye beseni. Asubuhi nikalitoa. Lote lilikuwa baridi kama inavyopasa, isipokuwa mahali pale. Palikuwa na joto la paji la mtoto aliyelala. Nikalirudisha majini, nikangoja, nikalitoa tena. Vilevile. Mimi si mwoga, lakini siku hiyo chai ilinishinda.

Mzungu alilipokea barazani kwake, mchana peupe. Vidole gumba vikatembea, vikafika pale, vikasimama. 

"Fundi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "kwingine kote umepiga msasa. Hapa umepapasa. Nani yuko hapa?"

Njia ya mwongo ni fupi, nami yangu iliishia barazani pale. Nilimwambia yote, tena kwa hasira, na nikaongeza kwamba atakayemfukua nitamvunja mkono, na kufungwa nifungwe. Alivua kofia, akauliza ana ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono, halafu nikakumbuka haoni vizuri. Basi nikamshika mikono yake, nikaipanua kiasi kile.

Akakiacha kituta. Akaipanga grini nzima ikizunguke, shimo likae mbele au kando, kamwe lisiwe juu yake. Wakubwa wa klabu wakadhani ni ujanja wa kuwatia wachezaji taabu, wakamsifu. Lakini mke wangu aliposikia alinitazama kwa chuki. "Umemfanya mtoto mchezo," alisema. Kwa miezi mingi tulizungumza habari za chumvi na kuni tu.

Mimi nilipewa kibarua cha kutunza nyasi. Kila asubuhi umande ulitanda uwanja mzima, ila kwenye kituta nyasi zilikuwa kavu. Mipira nayo ilikuwa ikifika pale inasita, kisha inageuka. Ardhi ile niliichonga kwa mkono wangu, najua palipo na mteremko na pasipo. Mzungu mwenyewe, kabla hajaondoka, aliniambia hakuipanga hivyo.

Alasiri moja mke wangu alipita akitoka sokoni, akasimama na kikapu chake kwenye ua wa uwanja. Wazungu wanne walikuwa wanacheza. Mpira wa kwanza ukakwepa kituta, wa pili ukakwepa. Wa tatu ulisukumwa kwa hasira, ukaenda moja kwa moja. Ukapanda kidogo, ukasimama. Upepo haukuwepo. Kisha ukarudi chini taratibu, ukazunguka, ukatulia upande wa pili. Mwenye mpira akatukana, akaufuata, na miguu yake pia ikazunguka bila yeye kutazama.

Mke wangu alikuwa ameweka kikapu chini.

"Wanampisha," akasema.

Kisha akaniita. Hakusema wewe. Aliniita baba, kwa jina la mtoto, kwa sauti ya kawaida tu, nije nimtwishe kikapu. Nikaenda nikamtwisha.